Gari la tabo likikosa nguvu mlimani: kutafuta ugonjwa hatua kwa hatua kabla ya kununua tabo nyingine

Forester ya 2003, Prado yenye injini ya 1KZ, Pajero yenye injini ya 4M40: magari haya yamejaa Mbeya, Iringa na Njombe, na mengi yametimiza miaka ishirini au zaidi. Likianza kukosa nguvu, kutoa moshi au kuchemsha, jibu linalotoka haraka ni "tabo imekufa". Tabo ni kile kifaa kinachozungushwa na moshi wa ekzosi ili kibane hewa na kuisukuma ndani ya injini. Mara nyingi haijafa. Mpira wa hewa umepasuka kwa chini, plagi zimechoka, mfuniko wa rejeta haushiki presha, au kimpira chembamba kama mrija wa soda kimechomoka. Tabo inasingiziwa kwa kuwa ndiyo ghali na ndiyo inayojulikana kwa jina. Mwenye gari ananunua iliyotumika, anaifunga, na mlima unamshinda vilevile.

Kwa hiyo tunakwenda kwa mpangilio. Kwanza yanayoweza kuua injini leo, kisha hewa, moto na mafuta, na tabo yenyewe baadaye kabisa. Mifano mingi ni ya Subaru yenye injini ya EJ20 ya tabo, kwa sababu ndiyo inayosumbua wengi. Dizeli zina sehemu yake mbele.

Hewa ya huku inabadilisha hesabu

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ufukweni Dar es Salaam shinikizo la hewa ni kilopaskali 101 hivi. Mbeya ni 82 au 83. Gari lisilo na tabo linapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake kwa sababu hiyo tu. La tabo linajitahidi kufidia, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu. Ili injini ipate kilopaskali 180, tabo ya Dar inabana hewa mara 1.8 hivi. Ya Mbeya inabidi ibane mara 2.2, na ukipanda kutoka Uyole kuelekea Isyonje inazidi hapo. Inazunguka kwa kasi zaidi, inapata moto zaidi, na haina akiba ya kuficha upungufu. Tundu dogo la mpira ambalo Dar halisikiki, hapa linakunyima gari zima.

Kuna matokeo mengine mawili ambayo mafundi wengi hawayaweki kwenye hesabu. Maji yasiyo na presha yanachemka Mbeya kwa nyuzi 94 hivi, si 100. Na namba za vitabu vya ufundi, za kompresheni (mbano ndani ya silinda) na za vakyumu (mvuto wa hewa ndani ya manifodi, bomba la kuingizia hewa), zimeandikwa kwa usawa wa bahari. Tutarudi kwa yote mawili, maana injini nzima zimewahi kufumuliwa bure kwa kutoyajua.

Mambo matatu ya kuzima gari papo hapo

Taa nyekundu ya oili ikiwaka injini ikiwa inaunguruma, zima. Usiseme utafika Mafinga. Tabo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili tu, na bila oili bushi zake zinaisha kwa muda mfupi sana. Bushi za kranki zinafuata.

Mshale wa joto ukipanda juu ya kawaida, zima. Kwenye magari mengi ya Japani mshale huo umetengenezwa utulie katikati kwa nyuzi 75 hivi hadi karibu 100, kwa hiyo ukiuona unatembea, hali imekwisha kuwa mbaya.

Sauti ya kugonga ukikanyaga mafuta mlimani, kama kokoto ndani ya kopo, toa mguu. Mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake, na hilo ndilo linalovunja pistoni za EJ20 kwenye nafasi za ringi. Injini hizi zilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani karibu 100. Likigonga, usilisukume hadi ujue chanzo: sensa ya kugonga, hewa isiyopimwa, plagi za joto lisilofaa, au mtu alibadilisha programu ya kompyuta.

Kabla ya spana: maswali, oili na moshi

Uliza au jiulize: tatizo linakuja injini ikiwa baridi au ya moto? Sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) au ukikanyaga? Lilianza ghafla au polepole? Lilianza baada ya matengenezo gani? Swali hili la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote. Gari lililokosa nguvu siku moja baada ya kubadilishwa klachi au kusafishwa injini lina kitu kilichosahaulika kufungwa.

Pima oili gari likiwa sawasawa, injini imezimwa dakika tano. Iliyozidi alama ni kosa kama iliyopungua, kwa sababu oili ya tabo inarudi kwenye tumbo la injini kwa uzito wake tu, bila kusukumwa. Ikikuta oili imejaa juu, inabaki ndani ya tabo na kupenya kwenye sili. Wengi wamebadilisha tabo kwa moshi wa bluu uliosababishwa na lita moja ya ziada.

Moshi usome hivi:

- Bluu asubuhi ukiwasha, kisha unakwisha: sili za valvu.
- Bluu ukikanyaga baada ya kushuka mteremko mrefu, mfano ukimaliza kushuka kuelekea Mbalizi: sili na gaidi za valvu kwanza, tabo baadaye. Ukishuka bila kukanyaga, vakyumu kubwa inavuta oili kupitia valvu.
- Bluu baada ya kukaa sailensa muda mrefu, ukikanyaga linatoka wingu: tabo, au njia ya oili inayorudi imeziba.
- Bluu wakati wote ukiwa mlimani: ringi, au tabo iliyokwisha.
- Mweusi: mafuta mengi kuliko hewa. Tafuta mpira uliopasuka.
- Mweupe mzito wenye harufu tamu usioisha: kulanti (maji ya kupoza injini) inaungua ndani.

Juni na Julai kila gari la Njombe na Makete linatoa moshi mweupe asubuhi. Huo ni mvuke. Unapotea hewani mita chache nyuma ya gari, na ekzosi ikipata moto hauonekani tena. Wa kulanti unaning'inia, unatembea na gari, na chupa ya akiba inapungua maji kila siku.

Soma kompyuta, lakini usiiamini peke yake

Kwa magari ya soko la Japani ya kabla ya 2006 hivi, kile kifaa kidogo cha bei rahisi cha kusomea makosa, ELM327, mara nyingi hakiwasiliani na kompyuta ya gari hata kama tundu linafanana. Hilo halimaanishi kompyuta imekufa. Tafuta fundi umeme mwenye mashine inayoongea lugha ya Subaru au Toyota.

Namba za makosa zinazokuja sana: P0301 hadi P0304 ni silinda inayomisi (inayoruka mlipuko), tarakimu ya mwisho ikitaja silinda, P0171 ni hewa nyingi kuliko mafuta, P0327 ni sensa ya kugonga, P0244 na jirani zake ni solenoidi (valvu ya umeme) ya westigeti, mlango unaopunguza presha ya tabo. Namba inakuambia mahali kompyuta ilipoumia, haikuambii nani aliyeipiga. P0171 haimaanishi ununue sensa ya oksijeni. Kwenye gari la zamani la tabo mara nyingi ni mpira.

Hewa: hapa tumia muda wako mwingi

Kila kinachopita katikati ya sensa ya hewa na injini lazima kiwe kimefungwa kabisa. Sensa inapima hewa, kompyuta inatoa mafuta kulingana na kipimo hicho. Ukiwa sailensa, mpira uliopasuka unavuta hewa isiyopimwa: mlio unapanda na kushuka, gari linazimika kwenye taa za Kabwe. Ukikanyaga, tundu lilelile linatoa nje hewa iliyokwisha kupimwa: mafuta yanazidi, ekzosi inakuwa nyeusi, nguvu hakuna. Dalili hizi mbili zikiwa pamoja, umeshajua unatafuta nini.

Anza na filta ya hewa, ile ekilina. Vumbi la kiangazi la barabara za mashambani linaijaza ndani ya miezi michache. Itoe, iangalie kwa taa. Kisha chungulia upande wa ndani wa boksi lake: ukikuta vumbi huko, filta haikukaa vizuri na mapanga ya tabo yamekuwa yakipigwa msasa. Sensa ya hewa isafishwe kwa dawa yake maalumu ya kupuliza, si petroli, si kitambaa, na iachwe ikauke kabla ya kuwasha.

Kwenye Forester na Impreza angalia kwanza maeneo haya: mpira mkubwa mweusi unaopita chini ya manifodi kwenda kwenye tabo, ambao hupasuka upande wa chini usioonekana, bomba la plastiki la umbo la Y linaloingia intakula (kipoozea hewa ya tabo), mpira kati ya intakula na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga), na vimipira vya kupumulia injini. Kubonyeza kwa vidole hakutoshi. Jipimie kwa presha, tena kwa vifaa vya duka la mabomba.

1. Nunua kifuniko cha bomba la plastiki la maji chenye kipenyo cha kubana vizuri ndani ya mpira unaotoka kwenye boksi la filta. Toboa katikati, ingiza valvu ya tairi lisilo na tyubu.
2. Injini ikiwa baridi, achanisha mpira baada ya sensa ya hewa, ingiza kifuniko, kaza klempu.
3. Jaza hewa taratibu hadi psi 10. Usizidi 15. Pampu ya mguu yenye geji inafaa kuliko kompresa ya fundi pancha, kwa sababu kompresa ikifunguliwa yote inang'oa sili za injini.
4. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye kila kiungo, na chini pia. Povu linakuonyesha tundu. Sauti ndogo ya hewa kwenye ekzosi au njia ya dipstiki ni ya kawaida, kwa kuwa kuna valvu zilizo wazi na hewa inayopenya ringi.
5. Toa presha kwa kubonyeza valvu. Usichomoe kifuniko kikiwa na hewa, kinaruka.

Mfumo usio na tundu unashusha presha polepole. Presha ikianguka ghafla hadi sifuri, kuna tundu na usiendelee hadi ulione. Ukipata mpira uliopasuka, utepe wa gundi utakufikisha nyumbani tu. Tabo ikijaza presha utafunguka.

Vijana wengi wanaondoa valvu inayorudisha hewa na kuweka ya kutoa nje ili isikike "pshii". Gari lenye sensa ya hewa halipendi hilo. Kila ukitoa mguu, hewa iliyopimwa inamwagwa, mafuta yanazidi, gari linakohoa kati ya gia. Rudisha ya kiwandani kabla ya kuendelea kupima kitu kingine chochote.

Geji ya vakyumu

Geji moja inayosoma vakyumu na presha ya tabo, ikiungwa kwenye manifodi kwa kimpira na kiungo cha T, inafundisha mengi. Vitabu vinasema sailensa isome inchi 17 hadi 21 za zebaki. Ondoa inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Mbeya injini nzima inasoma 12 hadi 15, na hiyo ni afya. Fundi aliyezoea Dar akiona 13 atakuambia valvu zimeungua.

Mshale uliotulia chini ya 10: hewa inaingia mahali au taimingi belti imeruka jino. Mshale unaocheza kwa mapigo sawasawa: silinda moja ina shida. Shikilia injini kwenye 2,500 kwa dakika moja. Mshale ukianza vizuri kisha ukashuka polepole, ekzosi imeziba, na masega ya ketaliti (kisafisha moshi) ndiyo ya kushukiwa. Kwenye baadhi ya Subaru kuna masega mengine kabla ya tabo, na yakivunjika vipande vyake vinapita kwenye mapanga.

Moto na mafuta, kwa kifupi

Presha ya tabo inafanya cheche iwe ngumu kuruka. Ndiyo maana gari linaenda vizuri tambarare ya Usangu halafu linamisi likikuta mlima. Plagi za EJ20 ya tabo ziwe na pengo la milimita 0.7 hadi 0.8, na za joto sahihi. NGK PFR6G ndiyo ya kawaida. Silinda 1 na 3 ziko kulia mwa gari, 2 na 4 kushoto, 1 na 2 zikiwa mbele. Silinda moja ikimisi, hamisha koili yake kwenda nyingine. Tatizo likihama, koili. Likibaki, hamisha plagi. Likibaki tena, ni injekta au kompresheni. Oili kwenye shimo la plagi inaua koili, kwa hiyo badilisha sili za mfuniko wa valvu kwanza.

Mafuta yapimwe kwa geji kwenye reli: psi 43 hivi kimpira cha regyuleta kikiwa kimechomolewa, na presha ipande pamoja na ya tabo. Inayoanguka mlimani inaonyesha pampu iliyochoka au filta iliyojaa.

Presha ya tabo na vimipira vya westigeti

Sasa pima barabarani. Chagua mlima mmoja na uutumie siku zote, gia ileile, ili namba zilingane. Barabara ya Uyole kupanda Isyonje inafaa sehemu zilizonyooka zenye kuona mbali. Usipimie Kitonga wala Mlima Nyoka, kwa kona na malori yake. Abiria asome geji, dereva aangalie barabara. Gia ya tatu, kutoka 2,500 kanyaga yote hadi 4,500.

Magari mengi ya aina hii yanatoa bar 0.6 hadi 0.9. Likiishia kama bar 0.5 na kutulia hapo, tabo ni nzima, ni udhibiti wake haufanyi kazi: westigeti inafunguka mapema. Kwenye Subaru kuna kimpira kinachotoka kwenye tabo kwenda westigeti na solenoidi, na ndani yake kuna kipande kidogo cha shaba chenye tundu jembamba. Fundi asiyekijua anabadilisha mpira wa zamani na kukitupa pamoja nao. Kuanzia hapo westigeti inapata presha nyingi, inafunguka mapema, na gari halirudi kuwa lilivyokuwa. Ukikuta vimipira vipya vya rangi kwenye Forester yenye uvivu, anzia hapo.

Presha ikizidi kiwango kisha gari likakata ghafla kama limegonga ukuta, kimpira cha westigeti kimechomoka au mkono wake umeganda. Usiendelee kulikanyaga hata mara moja zaidi.

Tabo yenyewe

Umefika hapa na kila kitu kiko sawa? Zima, acha ipoe saa nzima, chomoa mpira wa mbele. Shika nati ya shafti kwa vidole.

Ukisukuma pembeni, kuna mchezo kidogo. Huo ni wa kawaida bila oili. Ukivuta mbele na nyuma, usisikie chochote. Ukisikia mgongano, bushi za kusukumia zimekwisha. Zungusha huku ukisukuma pembeni: mapanga yasiguse nyumba yake. Tafuta alama za kukwaruza, meno yaliyoliwa, ncha zilizopinda. Utando mwembamba wa oili kwenye mpira wa mbele si kitu, unatoka kwenye upumuaji wa injini. Oili iliyotuama kama maji kwenye kikombe ndiyo tatizo.

Kabla ya kuihukumu kwa oili, jibu maswali mawili. Bomba la kurudisha oili liko wazi? Gundi ya gasketi ikipakwa nyingi inabanwa ndani na kuziba njia. Na injini inapumua? Fungua mfuniko wa oili ikiwa sailensa na uulaze juu ya tundu: ukirushwarushwa kwa nguvu na moshi ukatoka, ringi zinavujisha presha tumboni, na oili ya tabo haina pa kushukia. Tabo mpya itatoa moshi uleule.

Sababu ya kifo cha tabo itafutwe kabla haijabadilishwa. Kwenye baadhi ya injini za Subaru kuna chujio dogo la waya ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo. Likijaa masizi, tabo inakufa kwa kiu, na inayofuata pia. Pima presha ya oili kwa geji ya kweli injini ikiwa ya moto: EJ20 isishuke chini ya psi 14 sailensa, na ifike 43 kwenye 5,000.

Kuchemsha mlimani

Mji mzima halichemshi, Kitonga linachemsha. Watu wanakimbilia hedi gasketi (ile kati ya hedi na bloku ya injini). Anza na mfuniko wa rejeta.

Mfuniko mzima wa bar 0.9 au 1.1 unaongeza presha na kufanya maji ya Mbeya yachemke juu ya nyuzi 110. Uliochoka hauongezi kitu, na maji yanachemka kwa 94. Feni nyingi zinaanza karibu na 95. Yaani maji yanachemka kabla feni haijaamka. Subaru za tabo zina mifuniko miwili, mmoja kwenye rejeta na mwingine kwenye tangi dogo karibu na intakula. Haifanani kazi, isibadilishane nafasi.

Kisha endelea hivi: kulanti halisi iliyochanganywa nusu kwa nusu, si maji ya bomba peke yake, rejeta isiyojaa matope katikati ya mapezi yake na ya kondensa ya kiyoyozi, tamostati ya kiwandani inayofunguka kati ya nyuzi 76 na 82. Tamostati isiondolewe. Injini ya baridi isiyofikia joto huku milimani inakula mafuta, inachafua oili, na kwa baadhi ya injini maji mengi yanapita njia ya mkato bila kufika kwenye rejeta.

Injini bapa za Subaru, zenye silinda zilizolala pembeni, zinabakiza hewa ndani. Jaza taratibu, pua ya gari ikiwa juu kidogo, kizibo cha hewa cha juu ya rejeta kikiwa wazi, hita ya ndani ikiwa kwenye moto wote, hadi kutoke maji bila mapovu.

Baada ya hayo yote ndipo hedi gasketi. Injini baridi, fungua tangi, washa, mulika: mapovu yasiyoisha dakika kumi mfululizo ni gesi ya silinda. Mpira wa juu wa rejeta ukikakamaa ndani ya dakika mbili za kuwasha, vilevile. Dawa ya bluu ya kupimia inayogeuka njano inamaliza ubishi. Na 1KZ-TE ikichemshwa mara moja tu kwa nguvu, pima hedi kama ina ufa kabla ya kufunga gasketi mpya.

Kompresheni

Betri ijae, injini iwe na joto, ondoa plagi zote, toa rilei ya pampu ya mafuta, chomoa soketi za koili, kanyaga mafuta hadi mwisho. Piga stata mizunguko mitano au sita kwa kila silinda.

Kitabu cha EJ20 ya tabo kinataja psi 142 hadi 171. Zidisha kwa 0.8. Mbeya tarajia 115 hadi 140. Injini yenye 125, 122, 126, 124 ni nzima kabisa, na mtu asikushawishi kuifumua. Yenye 125, 124, 126, 85 ina silinda ya 4 iliyovunjika nafasi ya ringi au valvu inayovuja, na hata ingesoma namba hizo Dar ingekuwa mbovu. Unatafuta tofauti kati ya silinda, isizidi asilimia 10 hivi. Jaribio la kumwagia kijiko cha oili halifai sana kwenye injini bapa kwa kuwa oili inalala upande mmoja. Tumia kupima uvujaji kwa hewa: ikisikika kwenye tundu la oili ni ringi, kwenye ekzosi ni valvu ya kutolea, kwenye throto ni ya kuingizia, mapovu kwenye rejeta ni gasketi.

Kwa wenye dizeli

Utaratibu ni uleule, bila plagi za cheche. Dizeli nyingi zenye pampu ya kimakanika hazijui mwinuko. Zinamwaga mafuta yaleyale kwenye hewa nyepesi, kwa hiyo moshi mweusi kidogo juu kabisa ya Kitulo si ugonjwa. Ukitoka pia Mbeya tambarare, ni mpira, intakula iliyotoboka au nozeli. Mweupe wa asubuhi wenye harufu ya dizeli, gari likikataa kuwaka kwa baridi: plagi za kupashia joto. Kukosa nguvu bila moshi: mafuta hayafiki, toa maji chini ya filta, badilisha filta, tafuta mpira unaovuta hewa.

Jambo moja ni la hatari ya kweli. Sili ya tabo ya dizeli ikipasuka, injini inaweza kunyonya oili yake na kupanda mlio yenyewe hata funguo ikizimwa. Kama ni ya gia za mkono, weka gia ya juu kabisa, kanyaga breki hadi mwisho, achia klachi izimike. Kama ni otomatiki, ziba mdomo wa hewa kwa ubao au kitabu kinene, kamwe si kwa mkono wala kitambaa. Ukishindwa, ondoka kando ya injini.

Ukilazimika kufunga tabo nyingine

Ukinunua iliyotumika Mwanjelwa au popote, fanya jaribio la shafti palepale dukani, na uangalie nyumba ya ekzosi kama ina ufa. Funga bomba jipya la kupeleka oili au safisha la zamani hadi liwe wazi kabisa, gasketi mpya, oili mpya, filta mpya. Osha intakula na mabomba yote. Vipande vya tabo iliyokufa vikibaki humo vinaingia kwenye silinda. Mwaga oili safi kwenye tundu la kuingizia huku ukizungusha shafti kwa kidole. Toa rilei ya pampu ya mafuta, kwenye dizeli chomoa waya wa solenoidi ya kuzimia, piga stata sekunde kumi kwa awamu hadi taa ya oili izime. Ndipo uwashe, uache sailensa dakika tatu bila kukanyaga.

Kilomita 500 za kwanza endesha kwa upole, kisha kaza klempu zote upya injini ikiwa baridi, maana mipira inakaa na kulegea. Oili ibadilishwe hapo, halafu kila kilomita 5,000. Filta ya zamani ikatwe na kukunjuliwa karatasi yake juani: chembe zinazong'aa zikionekana, zima gari na rudi kupima presha ya oili.